Mlango Sikuufungua Mimi, Kwa Nini Nilaumiwe kwa Kutoufunga?

Wasee, leo si video. Leo naandika, kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni miaka miwili na kila nikijaribu kukiongelea mbele ya kamera naanza kutukana.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iligoma, na mimi nikagoma. Nilikuwa nasomea kompyuta, kwa hivyo kazi ya kwanza niliyopata ni ya saiba, hapo tu karibu na kile chuo nilichoacha. Kazi yenyewe mnaijua: kuprintia watu, kuskani vitambulisho, kujaza fomu za HELB, kutoa PIN ya KRA, kutuliza mtu ambaye eCitizen imemkataa mara ya nne. Bosi alikuwa mzee mpole tu. Siku moja akaleta mashine kubwa ya fotokopi, mtumba kutoka Ulaya. Inaprinti, inaskani, inatuma kazi hadi kwa kompyuta bila waya. Fundi akaiunga kwa waifai, ikawaka, ikafanya kazi papo hapo. Tukafurahi. Hakuna aliyeuliza swali.

Sasa, waifai hiyo ndiyo tuliyokuwa tunawauzia wateja na majirani wa ploti ya juu, shilingi 20 kwa siku. Wote mtandao mmoja. Mpangaji wa chumba cha 14, mteja aliyekaa pale kwa benchi, mimi, bosi na ile mashine: sote kwenye baraza moja.

Miezi mitatu baadaye, kijana mmoja wa ploti akaandika namba ya anwani ya ile mashine kwenye brauza ya simu yake. Ukurasa ukafunguka. Hakukuwa na paswadi. Ndani yake kulikuwa na kila kitu tulichokuwa tumeskani tangu ije: vitambulisho, hati za mashamba, barua za kazi. Mashine ilikuwa inajiwekea nakala, na ndani yake kulikuwa na seva mbili ndogo, moja ya kurasa za wavuti na nyingine ya kuhamisha faili, zote mbili zimewashwa, zote mbili zinangoja yeyote aje.

Kati ya hizo karatasi kulikuwa na barua ya hospitali ya mama mmoja anayeuza mboga hapo nje. Ikaishia kwa grupu ya WhatsApp ya ploti. Siwezi kuwaambia iliandikwa nini, na msiniulize. Yule mama alikuja akasimama mbele ya kaunta. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Kijana wangu, mimi nilikupea karatasi nikijua umenirudishia."

Nikakosa jibu.

Bosi naye akaniita kando. "Si wewe ndio ulisomea kompyuta? Ulikuwa unafanya nini hiyo miezi yote?" Hapo pia nikakosa jibu. Wiki hiyo hiyo nikaachishwa kazi.

Baadaye nikiwa nyumbani nilitafuta kitabu cha maelekezo cha ile modeli. Kimeandikwa bila aibu: huduma hizo huwa zimewashwa tangu kiwandani, na paswadi ya msimamizi ni tupu. Yaani mtengenezaji alijua. Aliandika. Akaweka kwenye ukurasa wa mia na kitu, kwa lugha ya mafundi, akaenda zake. Na siku mambo yalipoharibika, aliyesimama mbele ya yule mama nilikuwa mimi.

Kwa hivyo hoja yangu ya leo ni hii, na naisema bila kupepesa: mfumo wowote endeshi, uwe wa kompyuta, wa simu, wa TV, wa kamera ama wa mashine ya fotokopi, unapaswa kutoka kiwandani huduma zake zote za mtandao zikiwa zimezimwa. Anayetaka huduma, aiwashe. Asiyejua kama ipo, asibebeshwe.

Kwanza tuelewane tunaongea nini, maana najua si wote mnaonifuata ni watu wa kompyuta. Kuna vitu viwili watu huchanganya. Kutumia mtandao ni kitu kimoja. Kuuhudumia mtandao ni kitu kingine. Ukifungua YouTube, simu yako ndiyo imetoka kwenda kuuliza, ikajibiwa, ikarudi. Hapo hakuna mtu amekuja kwako. Lakini huduma ya mtandao ni programu inayokaa ndani ya mashine yako ikisikiliza, ikingoja mtu wa nje aje na ombi: nipe faili, nipe printa, nipe uamri wa hii kompyuta. Kila huduma husikiliza kwenye poti yake, na poti ni kama dirisha la duka lenye namba. Unaweza kutuma watoto dukani kila siku bila wewe mwenyewe kufungua duka sebuleni kwako. Mifumo mingi inatufungulia duka sebuleni, haituambii, halafu inatushangaa tukiibiwa.

Na kila dirisha lililo wazi ni programu iliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Kosa likiwa kwenye programu isiyosikiliza mtandao, mwizi lazima akutafutie njia: akutumie kiungo, akudanganye ubonyeze. Kosa likiwa kwenye programu inayosikiliza, hakuhitaji wewe kabisa. Unaweza kuwa umelala. Mashine moja inaambukiza nyingine bila mtu kugusa kitu, na ndio maana wataalamu huita programu hizo minyoo.

Hii historia si siri. Julai 2001 mnyoo ulioitwa Code Red uliingia kwenye seva ya wavuti ya Microsoft na kushika kompyuta zaidi ya 359,000 kwa saa 14 hivi. Kwenye Windows 2000 ya seva, hiyo programu ilikuwa inawekwa yenyewe ukisakinisha mfumo. Kuna watu waliambukizwa kupitia seva ambayo hawakujua wanayo. Microsoft wenyewe walijifunza: Windows Server ya 2003 ilitoka bila hiyo seva kuwekwa kama hujaiomba.

Januari 25, 2003 ikaja Slammer. Mnyoo mzima ulikuwa baiti 376. Hiyo ni ndogo kuliko aya hii unayosoma. Ulishika mashine kama 75,000, nyingi zake ndani ya dakika kumi, na ukaangusha hadi mashine za kutolea pesa za benki kubwa kule Marekani. Uliingia kwenye programu ya kuhifadhi data ya Microsoft, na kuna watu waliokuwa nayo bila kujua, kwa sababu ilikuwa imefungashwa ndani ya programu nyingine walizonunua. Kiraka kilikuwa kimetoka miezi sita kabla. Lakini utawekaje kiraka kwenye kitu usichojua unacho?

Agosti mwaka huo huo, mimi bado nabebwa mgongoni, Blaster ikapiga Windows XP na 2000. Huduma iliyosikiliza kwenye poti ya 135 ilikuwa wazi kwa kila mtu, na kizuizi cha mtandao, ile faiawoli, kilikuwamo ndani ya XP lakini kimezimwa. Hebu fikiria hiyo akili: mlango wazi, askari amelala, na wote wawili wamepangwa hivyo kiwandani. Mtu alikuwa ananunua kompyuta mpya, anaiunga kwa intaneti aende kupakua kiraka, inaambukizwa kabla kiraka hakijamaliza kushuka. Mwaka uliofuata ikaja Sasser, mlango mwingine, hadithi ile ile. Ni Agosti 2004 tu, na lile sasisho kubwa la pili la XP, ndipo faiawoli ikaanza kutoka ikiwa imewashwa.

Usidhani ni Windows peke yake. Januari 2001 mnyoo wa Ramen ulipita kwenye Red Hat Linux 6.2 na 7.0, kupitia huduma kama ya kuhamisha faili na ya kuprinti. Na juzi tu, Septemba 2024, ilionekana kwamba kuna programu ya kutafuta printa kwenye Linux ambayo, kwenye baadhi ya matoleo, ilikuwa inasikiliza poti ya 631 na kumwamini yeyote anayejiita printa. Printa! Miaka zaidi ya ishirini, na bado ni kuprinti kunakotuua. Nikisoma hiyo habari nilicheka peke yangu, halafu nikamkumbuka yule mama na cheko likaisha.

Sasa najua kuna wasee tayari wako kwa komenti wananiandikia. Wacha niwajibu kabla mnitupie mawe.

Wa kwanza atasema: "Buda, watu wanataka vitu vifanye kazi. Ukizima kila kitu, mtu hataweza kuprinti, hataweza kurusha video kwa TV, atarudisha mashine dukani." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na siidharau, kwa sababu ndiyo iliyotufanya sisi tufurahi siku ile fundi alipowasha mashine. Lakini angalia vizuri. Kuprinti kwenyewe hakuhitaji kompyuta yako isikilize watu. Kompyuta ndiyo inayotoka kuitafuta printa. Na kwa vile vinavyohitaji kusikiliza, swali moja linatosha, siku ile unapokitumia mara ya kwanza: "Unataka watu wa mtandao huu waone hati zilizohifadhiwa hapa? Ndiyo ama la. Ukisema ndiyo, weka paswadi." Sekunde kumi. Kama kuniuliza swali la sekunde kumi ni usumbufu, basi kumbuka simu yangu huniuliza kama nataka programu ya tochi ione picha zangu, na sijaona mtu amerudisha simu dukani kwa sababu hiyo.

Tena tuna mfano hai. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ambayo wanafunzi wengi huanzia, ilikuwa inatoka na huduma ya kuingia kutoka mbali ikiwa imewashwa, jina la mtumiaji "pi", paswadi "raspberry", dunia nzima. Novemba 2016 wakaizima. Kuna watu walilalamika, maana wengi huitumia bila skrini, sasa wataingiaje? Jibu likawa rahisi hadi inachekesha: weka faili tupu yenye jina "ssh" kwenye kadi kabla hujaiwasha. Basi. Aprili 2022 wakaondoa hata lile jina la "pi" lililokuwa linakuja tayari. Na bado watu wanazinunua, wanafunzi bado wanajifunza. Hakuna kilichokufa isipokuwa mlango mmoja wa wezi.

Wa pili atasema: "Ruta inazuia watu wa nje, kwa hivyo haijalishi nini kiko wazi ndani." Huyu namjua, anaishi kwa nyumba yenye waifai yake peke yake. Ndugu yangu, shuka huku kwetu. Huku intaneti inauzwa kwa saa na kwa siku, ploti nzima vyumba 40 mtandao mmoja, na ni nadra aliyeuweka kutenganisha wateja wasionane. Ndani kwako ndiko nje kwangu. Ruta ilizuia watu wa Urusi wasione barua ya yule mama; haikumzuia mpangaji wa ghorofa ya pili, na huyo ndiye aliyemjua kwa jina. Hiyo ndiyo mifumo inakosa kuelewa. Imeandikwa na watu wanaoamini kwamba "mtandao wa nyumbani" ni baba, mama na watoto. Kwetu mtandao wa nyumbani ni kama choo cha ploti: wote mnatumia, na hujui nani ametoka sasa hivi.

Na hata kwenye ofisi zenye ulinzi mkali, Blaster iliingia ndani kwa miguu, kwenye laptopu ambazo wafanyakazi walizibeba kutoka nyumbani. Ruta ni ukuta wa ploti. Ukuta ni mzuri, lakini bado unafunga mlango wa chumba chako.

Wa tatu: "Sasisho za kila mwezi zinatosha. Weka viraka utulie." Weka, ndiyo, nakubali kabisa. Lakini kiraka cha Slammer kilikuwa nje miezi sita. Cha Blaster karibu mwezi. WannaCry ilipopiga Mei 12, 2017, kiraka kilikuwa na miezi miwili. Bado ilishika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi kama 150, na hospitali za umma za Uingereza zikafuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Iliingilia wapi? Kwenye huduma ya kushiriki faili, toleo la kwanza, teknolojia ya miaka ya themanini. Watu wa Microsoft wenyewe walikuwa washaandika mwaka 2016 wakiomba dunia iache kuitumia, lakini mfumo wao bado ulikuwa unatoka ukiwa umeiwasha. Waliacha kuiweka baadaye mwaka huo wa 2017, moto ukiwa umeshapita.

Halafu kuna jambo ambalo anayeandika mfumo California halioni. Sasisho ni bando. Unajua mtu anachofanya akigundua laptopu imekula bando la wiki kupakua sasisho usiku? Anakuja kwa mtu kama mimi, ananilipa shilingi 100, ananiambia, "Zima hiyo kitu isirudi." Na mimi nimewahi kuizima, wasee. Nimezima mara nyingi. Kinga inayotegemea mtu kulipia data kila mwezi si kinga ya maskini. Mlango ambao haukufunguliwa hauhitaji bando kuufunga.

Wa nne ndiye ananiudhi: "Watumiaji wajifunze. Ujinga si kosa la mtengenezaji." Huyu ni bosi wangu kwa sauti nyingine. Yule mama wa mboga ajifunze nini hasa? Hakununua mashine. Hakuiona. Hajui poti ni nini na hana haja ya kujua. Yeye alikuja na karatasi moja na shilingi 20. Mimi niliyesoma mwaka mmoja na nusu wa kompyuta sikujua. Fundi hakujua. Bosi hakujua. Ukiwa na kitu ambacho lazima watu wanne wajue ndipo mtu wa tano awe salama, hilo si suala la elimu. Ni suala la aliyekitengeneza.

Na ukweli ni kwamba watu wengi hawabadilishi chochote. Kitu hukaa vile kilivyotoka. Kwa hivyo anayechagua hali ya kutoka kiwandani, huyo ndiye anayechagua kwa niaba ya karibu kila mtu, halafu hawezi kusema hakuchagua. Kama umewasha, umeamua. Beba.

Wala madhara hayaishii kwa mwenye kifaa. Mwaka 2016 kulikuwa na programu iliyoitwa Mirai. Haikuwa na ujanja mkubwa: ilizunguka intaneti ikibisha mlango wa Telnet wa kamera na vifaa vya kurekodi video, ikijaribu jozi zaidi ya 60 za majina na paswadi za kiwandani. Ikafunguliwa. Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo la kamera likaelekezwa kwa kampuni ya Dyn, na Twitter, Netflix na wengine wakawa hawafikiki kwa saa kadhaa kwa mamilioni ya watu. Walioianzisha walikuwa vijana watatu wa Marekani, umri kama wangu. Halafu silaha hiyo ikaja Afrika. Mwingereza mmoja alikodishwa kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar kule Liberia kwa jeshi la vifaa vya aina hiyo hiyo. Intaneti ya nchi ikayumba. Januari 2019 alifungwa London miaka 2 na miezi 8. Wenye zile kamera hawakujua kitu. Kamera zao ziliendelea kuonyesha geti kama kawaida huku zikishambulia nchi ya watu.

Sasa nenda Luthuli ama River Road uangalie TV boksi za Android zisizo na jina. Februari 2018 watafiti walikuta programu ya kuchimba sarafu za kidijitali ikisambaa kwenye vifaa vya Android kupitia poti ya 5555, mlango wa watengenezaji programu, ambao mtu aliuacha wazi kabla kifaa hakijauzwa. Hiyo ni boksi inayokaa chini ya TV ya mamako, kwa waifai ile ile simu yake ya M-Pesa inatumia.

Na mimi pia siko msafi. Wengine wenu mnakumbuka video yangu ya jinsi ya kuhamisha faili kati ya laptopu mbili. Kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa imetazamwa kuliko zote. Dakika ya tatu nawaambia: "Kama imekataa, zima faiawoli." Nilisema hivyo. Sikuwaambia muiwashe tena. Nimeifuta, lakini najua kuna mashine huko nje ziko uchi kwa sababu yangu. Ndio maana mtu akiniambia, "Ukizima kila kitu watu watafuata video za YouTube na kufungua kila kitu," nakubali kwamba hilo litatokea. Litatokea kwa baadhi. Lakini hao angalau wamefungua, na wanajua wamefungua, na mfumo unaweza kuwalazimisha kuweka paswadi wakati huo huo. Leo tunafunguliwa sote, pamoja na wale ambao hawatawahi kutazama hiyo video.

Kuna mahali nalegeza. Seva uliyokodi mbali, isiyo na skrini, lazima iwe na mlango mmoja wa kuingilia, la sivyo ni jiwe. Sawa. Lakini hapo aliyeikodi ndiye aliyeomba mlango, na anaweka ufunguo wake mwenyewe siku ya kuiomba. Hiyo si kinyume cha ninachosema, hiyo ndiyo yenyewe: mlango una mwenyewe, na mwenyewe anaujua.

Na si ndoto. OpenBSD, mfumo ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, huzima kila huduma isiyo ya lazima tangu siku ya kwanza, na hadi leo hujivunia kwamba matundu ya kuingilika kutoka mbali kwenye usakinishaji wake wa kawaida ni mawili tu. La kwanza, la mwaka 2002, lilikuwa kwenye huduma ya kuingia kutoka mbali, yaani kwenye mlango waliouacha wazi. Hapo sina la kuongeza. Ubuntu nayo ina sera ya kutoacha poti wazi kwenye usakinishaji wa kawaida, isipokuwa chache zilizotajwa. Inawezekana. Imewezekana. Waliobaki hawajalazimishwa tu.

Kwa hivyo walazimishwe. Uingereza tangu Aprili 29, 2024 ni kinyume cha sheria kuuza kifaa cha nyumbani cha intaneti chenye paswadi moja ya kiwandani kwa wote. Ulaya wamepitisha sheria inayodai bidhaa zitoke zikiwa salama kwa hali yake ya kwanza, na sehemu kubwa itaanza kubana Desemba 2027. Na sisi? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, tayari inasema anayeshika data za watu apange ulinzi tangu mwanzo na katika hali ya kawaida ya mambo. Ni kifungu kizuri. Lakini kinambana bosi wangu mwenye saiba. Hakimgusi aliyemuuzia mashine iliyo wazi. Kijana aliyesambaza ile barua ana makosa yake, na Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya 2018 inamhusu. Bosi ana makosa yake. Mimi nina yangu. Kati ya watu wote kwenye hii hadithi, mmoja tu hakuulizwa chochote, naye ndiye aliyekuwa anajua tangu mwanzo.

Ninachotaka ni kitu kidogo: kifaa chochote kinachoingia nchi hii na kuunganishwa kwa mtandao, kitoke kwa boksi kikiwa kimefunga milango yote, na kisifungue hata mmoja bila mtu kusema ndiyo na kuweka paswadi yake. Tunakagua ubora wa nondo na sukari. Tukague na hii.

Kabla ya hapo, leo jioni, fanya hivi. Tafuta namba ya anwani ya printa yako, TV yako, kamera yako. Iandike kwenye brauza. Ukiona ukurasa umefunguka bila kukuuliza wewe ni nani, jua jirani pia anauona. Weka paswadi. Zima usichotumia. Na kama una saiba, tafadhali, anza na ile mashine kubwa ya kona, na ufute kilichomo ndani yake kabla hujafunga duka.

Yule mama alihamisha meza yake ya mboga. Sasa anauzia upande wa pili wa barabara. Mimi hupita kule nikiwa na haja ya sukuma na hata nisipokuwa nayo. Tunasalimiana. Kuhusu karatasi hatujawahi kuongea tena, na kila mara ananiongezea kidogo juu ya nilicholipia, kama vile mimi ndiye niliyekosewa.